Merikebu za Mke Mwenzangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Msisome huku mnajibu simu. Najua mnanicheka mkinisikia namshukuru Mungu kwa merikebu za watu nisiowajua, zilizopita mbali kule nje ya visiwa wala hazikutia nanga kwetu. Mmoja wenu aliniambia, "Bibi, zile ni meli za kizamani tu, wenyewe wanazitunza ili watu wazitazame." Haya. Wao wanazitunza zitazamwe, mimi zilinifaa kwa jambo jengine. Siku zilipopita ndiyo siku niliyojua kwamba mke mwenzangu, huyo mnayemwita bibi wa nyumba ya pili, alikuwa haoni. Kama zisingalipita siku ile, naamini hivi sasa angalikuwa gizani moja kwa moja, na sisi wote tungalikuwa tunamwita mvivu na mwenye kiburi.

Mimi sikusoma sana. Nilipelekwa chuoni nikahitimu msahafu. Skuli nilikwenda kidogo tu, nikatolewa, nikaozwa. Kuandika nilikuja kukukamilisha ukubwani, katika darasa la watu wazima, mtoto yuko mgongoni ananivuta ushungi. Kwa hiyo mkiona naandika kama nisemavyo, ndivyo hivyo. Anayetaka maneno ya redioni na awashe redio.

Marehemu babu yenu alituacha wake wawili katika uwanja mmoja hapa Wambaa. Nyumba yangu na nyumba yake zinatazamana, na katikati ndipo tunapoanika karafuu. Mimi ni mtoto wa shamba, kwetu ni ndani kwenye mikarafuu, bahari nilikuwa naisikia upepo wake tu. Yeye ni wa Kojani. Amezaliwa kwenye kisiwa ambacho huendi dukani wala huzikwi vizuri bila ya kupanda chombo. Baba yake alikuwa akishona matanga ya majahazi, na yeye amekulia juu ya matanga hayo, akitambaa akiwa mtoto, akishika sindano alipopata akili.

Tuliishi vipi? Tuliishi kama wake wenza. Sitawapaka mafuta. Ilikuwapo miaka tuliyosemeshana kwa kupitia watoto. "Mwambie mama yako mkubwa kuku wake wameingia jikoni kwangu." "Mwambie mama yako mdogo kuku hawajui mipaka, wanajua harufu ya mchele." Tunasikiana, hatua kumi hazifiki. Babu yenu alipofariki tukabaki wawili, hatuna tena wa kumgombania, tukajikuta tunakula sinia moja. Hakuna aliyepanga. Siku moja nilipika nikampelekea, siku ya pili akapika akaniletea, siku ya tatu nikamwambia, "Basi mbona tunachosha sahani?"

Sasa sikilizeni namna mtu anavyoweza kupofuka katika uwanja uliojaa watu na asijulikane.

Kazi zetu sisi ni kazi za vidole. Kuchambua karafuu, kuitenga punje na kikonyo chake, hatutazami. Tunakaa kitako, mikono inakwenda, mdomo unakwenda, macho yako barabarani yanamtafuta nani kapita. Kusuka ukili wa mikeka vivyo hivyo. Mwanamke aliyezoea anasuka huku anasinzia, na ukili ukatoka umenyooka. Mke mwenzangu alikuwa anachambua kuliko sisi wote na anasuka kuliko sisi wote. Uwanja anaujua kwa nyayo. Nani angeshuku?

Mambo yalikuwapo, lakini kila moja lilikuja na jina lake. Aliacha kwenda pwani kuchokoa chaza, akasema magoti. Aliacha kusuka mikeka ya rangi, akasema siku hizi anapenda mweupe mtupu, rangi ni mambo ya wasichana. Aliacha kwenda harusini. Njiani alikuwa hakuamkii mpaka umwamkie wewe, na watu wakaanza kusema: ah, yule Mkojani tangu afiwe amejaa kiburi, anakupita kama hakuoni. Kama hakuoni! Walisema maneno yenyewe kwa vinywa vyao na hawakuyasikia.

Basi siku moja mjukuu wangu wa kike, yule anayefanya kazi bandarini Mkoani, akaleta habari kwenye simu, sauti yake mwenyewe. Alisema kuna merikebu za kale, za milingoti mirefu, zinazunguka dunia kwa pamoja, zimetoka upande wa kaskazini zinaelekea Unguja, na kesho asubuhi zitapita katika mkondo huu wa kwetu. Habari ile haikulala. Mpaka isha ilikuwa imefika msikitini, dukani na kwenye kila jiko.

Asubuhi watu walishuka pwani kama wanaokwenda kwenye sala ya idi. Wanafunzi walipewa ruhusa, na wasiopewa walijipa. Sisi karafuu zilikuwa uwanjani juu ya majamvi, jua zuri. Mke mwenzangu akasema:

"Nendeni. Mimi nitabaki na karafuu."

Nikamtazama. "Wewe Mkojani ubaki na karafuu, mimi mtu wa shamba niende kutazama merikebu? Dunia imepinduka?"

"Magoti, Bi Mkubwa."

"Magoti hayatazami merikebu. Vaa buibui."

"Na mbuzi wakiingia?"

"Mbuzi tangu lini wakala karafuu? Vaa buibui, usiniudhi."

Akavaa. Njia nzima alinishika mkono, na mimi nikadhani ni magoti kweli. Nikawa namwendesha polepole na kumkaripia kidogo, kwa sababu watu walikuwa wanatupita.

Pwani kulikuwa kweupe, bahari imelala. Upepo haukuwapo hata wa kupeperusha ushungi. Jua lilikuwa nyuma yetu na kule nje kulionekana vizuri sana. Jirani yetu mvuvi, huyu ambaye marehemu mume wetu alimwita mdogo wake na kwa hiyo ni shemeji yetu sote wawili, alikuwa amekaa juu ya ubavu wa boti lake la faiba, amejitia ujuzi, anawaambia watoto merikebu zitatokea wapi. Zikatokea pengine.

Ya kwanza ilitoka nyuma ya kisiwa. Watu wakapiga kelele. Mlingoti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mirefu, imekatizwa na maboriti yaliyolala. Lakini ilikuwa mitupu. Hakuna hata tanga moja. Yote yamekunjwa na kufungwa juu kule, na merikebu inakuja imenyooka, taratibu, na moshi kidogo nyuma yake.

"Inakwenda kwa mashine!" akasema shemeji.

"Wacha!"

"Wallahi kwa mashine. Tazameni moshi ule. Yakhe, nimeacha nyavu zangu nije kutazama mashine? Mashine si ninayo hapa nimeikalia!"

Mwanamke mmoja nyuma yetu akamjibu, "Yako inazima kila ukifika mwambani. Ya wenzio haizimi."

Watu wakacheka. Ya pili ikatokea, nayo vile vile, milingoti mitupu kama mikarafuu iliyokauka. Watoto walisikitika. Walikuwa wameona picha, walitaka matanga. Lakini bado ilikuwa kitu cha kutazama, na kelele zikapanda tena. Na hapo ndipo mke mwenzangu, aliyesimama ubavuni mwangu, akainua uso wake na kusema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mashaallah! Yatazameni matanga yalivyojaa! Kama tumbo la mja mzito!"

Pwani nzima ikaangua kicheko. Walidhani anazifanyia stihizai zile merikebu. Shemeji akapiga paja lake. "Shemeji, wewe mchokozi! Kweli yamejaa, yamejaa hewa!"

Mimi sikucheka, kwa sababu mimi nilikuwa nimemtazama usoni. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayeona kitu kizuri, na uso ameuelekeza kwenye mikoko, mkono wa kushoto, ambako hakukuwa na chochote ila mikoko. Watu walipocheka tabasamu lilimganda. Hakujua wanacheka nini. Mwanga wa maji ulimpiga machoni na sikumwona hata kupepesa, nikaona katikati ya mboni zake pamepauka, kama maji yaliyooshewa mchele. Mkono wake ulinibana vidole mpaka pete ikaniuma.

Mimi ni mtu wa kusema. Mnanijua. Siku ile Mungu alinifunga mdomo, na hilo nalo namshukuru. Nikasema kwa sauti, "Mwacheni na matanga yake, yeye ndiye mwenye bahari," wakacheka tena, wakarudi kutazama. Nikamvuta taratibu mpaka pembeni, penye ngalawa kuukuu iliyopinduliwa, nikamkalisha.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto."

Akapapasa ubavu wa ngalawa. Kisha akauliza, "Hayakuwapo matanga?"

"Hata moja. Zinakwenda kwa mashine."

"Ah." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Walipopiga kelele vile nikajua ni matanga. Watu watapigia kelele nini chengine?"

"Tangu lini, mwenzangu?"

"La kushoto lilianza zamani. Hili la kulia limekwenda baada ya Ramadhani. Naona mwanga. Ukipita najua kitu kimepita. Nakujua kwa kandambili zako, unaziburuza."

"Na umenyamaza."

"Ukimwambia mtu nitarudi Kojani."

"Utarudi na nani? Utapanda mashua gani usiyoiona?"

Hapo akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Nikamwacha alie. Sikumpapasa, hatukuzoeana hivyo. Nilikaa tu karibu naye, bega kwa bega, ili anayetazama asimwone.

Akanieleza. Mtu wa hospitali alikwisha kumtazama, siku aliyompeleka mjukuu kupigwa sindano. Akamwambia ni mtoto wa jicho, unapasuliwa, unaona, jambo dogo. Alitaka kwenda. Lakini kuna mwanamke mwengine aliyepasuliwa akamwambia kwamba ukitoka pale daktari anakukataza kuinama. Huinami kuokota, huinami kuosha, na huinami kusujudu.

"Sikukataa kisu," akasema. "Kisu nimezaa nacho. Lakini nikae siku zote hizo nisiuweke uso wangu chini mbele ya Mola wangu? Kwa sababu ya kutazama dunia? Dunia nimeshaitazama, Bi Mkubwa. Na nikifa katika siku hizo, je? Nimkute sijamsujudia, nimwambie nilitaka kuona kuku?"

Mimi si mwanachuoni. Na nawaambia ukweli, maneno yale yalinipa haya, kwa sababu nilijua ingekuwa mimi ningekwenda kupasuliwa mbio, sala ningeiuliza baadaye. Nikamwogopea. Nilimwona vile atakavyokuwa: mwaka mmoja, miwili, anaongozwa kwenda chooni na vitoto, yeye ambaye hata akiumwa alikuwa hataki mtu amshikie ndoo.

Kelele zikazuka tena kule, kubwa kuliko za mwanzo. Akashtuka.

"Nini?"

"Ya tatu imetokea."

"Nayo mashine?"

Nikainuka nikatazama. "Hapana. Hii inafungua."

Akanishika nguo. "Niambie."

"Nikwambie nini?"

"Niambie ilivyo."

"Kubwa."

"Kubwa! Hata msikiti mkubwa. Sema vizuri, bibi we."

Basi nikasema kama nilivyoona, kwa maneno niliyonayo. Nikamwambia ina milingoti mitatu, na watu wako juu kabisa, wadogo, wametandaa kwenye maboriti yaliyolala, kama wachumaji waliopanda mkarafuu mmoja kwa pamoja.

"Wanafanya nini?"

"Wanakunjua nguo."

"Nguo! Ya Rabbi, nimepewa kipofu mwenzangu aniongoze. Hayo matanga. Yanashuka yote pamoja au moja moja?"

"Moja moja. Ya chini kwanza, makubwa. Sasa ya juu yake. Yamepangika kama mashuka kwenye kamba, moja chini ya jengine."

"Pembe tatu au nne?"

"Nne. Ila mbele yapo ya pembe tatu, yamefungwa kwenye mti unaochomoza kama mwiko kwenye sufuria."

"Mlingoti wa maji huo."

"Kama unaujua waniuliza nini?"

"Jina nalijua. Nakuuliza unavyoonekana."

Nikamwambia unavyoonekana. Aliniuliza rangi, nikamwambia si nyeupe, ni rangi ya tui lililokaa. Aliniuliza yanacheza au yametulia, nikamwambia yananing'inia, hayana upepo. Akainua kidevu, kama mtu anayesikiliza hodi. Kisha akasema, "Subiri." Na mimi nikahisi shavuni, upepo mdogo sana, wa kwanza tangu tushuke.

"Sasa yatajaa," akasema.

Yakajaa. Wallahi nilikuwa natazama. La juu kabisa kwanza, kisha lililo chini yake, mpaka merikebu ile yote ikawa imesimama kama nyumba yenye ghorofa iliyofunguliwa madirisha yote kwa pamoja, na moshi haupo, na sauti haipo. Watu pwani walinyamaza. Hata shemeji alinyamaza, na huyo hanyamazi akila.

"Yamejaa?"

"Yamejaa."

"Kama nini?"

Nikatafuta neno. "Kama ulivyosema. Kama tumbo la mja mzito."

Akapiga vigelegele. Peke yake, kwenye ngalawa kuukuu, uso umeelekea kwenye mikoko. Nilimshika kidevu nikamgeuza mpaka ikawa ametazama panapostahili. Tukabaki hivyo, mimi nasema na yeye anasahihisha, mpaka merikebu ikawa ndogo nikachoka macho.

Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza jambo moja. "Kwa nini hukutaka nijue mimi? Watoto sawa. Mimi je?"

"Wewe ungenihurumia," akasema. "Na mimi ningekosa wa kugombana naye."

Sikumwambia mtu. Lakini jioni nilipita kwa Shehe wetu, nikamwuliza msikitini, mlango wa wanawake, mgonjwa aliyekatazwa kuinama anasali vipi. Akanijibu vizuri, Mungu amweke: anasali kama awezavyo, anakaa, sijda yake ni ishara ya kichwa kidogo tu, na thawabu yake haipungui. Akauliza, "Bi, nani mgonjwa?" Nikamwambia, "Nimekuuliza mimi, nijibu mimi." Nikarudi na jibu langu kama mtu aliyebeba yai.

Mke mwenzangu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shehe yule bado mtoto. Nimemfuta kamasi mimi."

"Kwani elimu yake iko kwenye kamasi?"

"Najua ruhusa ipo, Bi Mkubwa. Hata mimi nimesoma. Ruhusa ni ya asiyeweza. Mimi naweza. Goti linakunjika, uso unafika chini. Kwa nini nijitie ugonjwa wa kununua?"

Siku zikapita, nikawa namtazama. Nilipojua nini cha kutazama, niliona kila kitu: anavyopapasa ukuta kwa ubavu wa mkono, anavyosubiri mtu aseme ndipo amgeukie, anavyokula upande mmoja wa sinia tu. Nilikuwa nalala nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Kisha ikatokea hivi. Mkwe wangu, mke wa mtoto wangu mkubwa, aliingia chumbani kwa mke mwenzangu kufagia. Akakunja mswala, akafagia, akautandika tena. Ni mke mwema, aliutandika vizuri, lakini aliutandika kufuata kitanda, hakufuata kibla. Yeye si mwenye kusali pale, hakuwaza. Mke mwenzangu akaja baada ya udhu, akapapasa kwa vidole vya miguu, akaukuta mswala ulipo siku zote, akasimama, akasali adhuhuri.

Mimi nilikuja na uji. Nilipofika mlangoni alikuwa katika tahiyatu ya mwisho, kidole kimenyooka. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, upande wa nyuma, kwenye banda la mbuzi.

Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. "Nani? Wewe? Kandambili zimekwenda wapi?"

"Zipo mlangoni," nikasema. "Mwenzangu, umesali umeelekea banda la mbuzi."

Hakuelewa. Akacheka kidogo. "Banda la mbuzi liko nyuma."

"Ndiyo. Nyuma ndiko ulikoelekea."

Nikamshika mkono nikauweka kwenye fremu ya dirisha. Akaipapasa juu, akaipapasa chini. Mbuzi mmoja akalia pale pale, karibu kama mtu.

"Sala nzima?" akauliza.

"Nimekukuta kwenye tahiyatu. Lakini mswala haukuzunguka wenyewe katikati ya sala."

Akakaa chini. Uji ulipoa. Nilitaka kusema mengi, na nilikuwa nayo, lakini niliona anafika mwenyewe, na mtu anayefika mwenyewe usimsukume. Baada ya muda akasema, "Na zile za nyuma? Nani ajuaye zile za nyuma?"

"Mungu anazijua. Zile hukujua, na hakudai usichokijua. Sasa umejua."

Nikautengeneza mswala, nikamsimamisha, akairudia adhuhuri yake. Nilisimama nyuma yake mpaka akamaliza. Alipotoa salamu ya mwisho akasema bila ya kugeuka:

"Nipeleke."

Nikampeleka. Sitaandika habari za hospitali, hospitali ni hospitali. Unakaa kwenye benchi, unaitwa, unasahauliwa, unaitwa tena. Madaktari walikuwa vijana, wana adabu, walimwita bibi na kumweleza kila wanalofanya. Nilitolewa nje. Huko nje nilisoma kila ninachokijua, na nilipomaliza nikaanza tena. Alitolewa ameshafungwa jicho la kulia, anatembea mwenyewe, anamnung'unikia muuguzi kwamba sindano ile aliipiga kama anayemshonea gunia.

Kesho yake wakamfungua. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, hivyo kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mimi. Alinitazama muda. Jicho lilikuwa jekundu, linatiririka, lakini lilinitazama, mnaelewa? Lilinifuata.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi sijajiona bado."

Nilicheka mpaka muuguzi akaja. Kisha nikatoka nje ya wodi, nikasimama kwenye ukuta, nikalia ninavyotaka, hakuna aliyeniona na nyinyi msimwambie.

Kwa hiyo mkinisikia namshukuru Mungu kwa merikebu, sasa mnajua. Nawashukuru wale watu waliopanda juu kule, sijui lugha yao wala dini yao, hawajui kama kuna mwanamke aliyeshikwa kidevu ili awatazame. Na zaidi ya yote nashukuru upepo uliokosekana asubuhi ile. Kama upepo ungevuma, zile mbili za kwanza zingepita na matanga, mke mwenzangu angesema yamejaa na yangekuwa yamejaa, sote tungesema mashaallah, tungerudi nyumbani kuanika karafuu, na yeye angerudi kwenye giza lake amenishika mkono. Jicho la kushoto limepasuliwa baadaye. Siku hizi anasuka mikeka ya rangi na kunikosoa mimi rangi za kanga zangu, na hilo nalo nalishukuru, ingawa si kila siku.

Siku tuliyorudi kutoka hospitali uwanja ulijaa. Watoto wake, watoto wangu, wakwe, wajukuu, shemeji na samaki wake, kila mtu anataka amwinamie ambusu na yeye anataka ambusu kila mtu. Adhana ya alasiri ikapigwa. Nikamwona anatazama chini, kwenye ardhi, na nikalijua jicho lile linataka nini. Nikaingia ndani nikatoka na kiti changu cha mbao, nikakipeleka chumbani kwake, nikakiweka juu ya mswala, nikakielekeza kibla mwenyewe. Kisha nikarudi mlangoni nikawaambia wote, mkubwa na mdogo:

"Sikilizeni. Mama yenu atasali juu ya kiti kile mpaka daktari aseme basi. Mwenye kufagia afagie pembeni yake. Maji ya udhu mtu amtilie, asiinamie ndoo, na tone lisimguse jicho. Na kiti kile asikiondoe mtu, hata akikuamuruni yeye mwenyewe, hata akilia, mpaka niseme mimi."